Sindano ya Kila Siku na Kile Kifaa cha Mkononi

Katika toleo hili tunajibu maswali mawili yaliyotufikia kwa njia ya wazee wa kanisa na wamama wa vikundi vya maombi. La kwanza linahusu kifaa kidogo cheupe ambacho baadhi ya ndugu zetu waliohamishiwa Marekani na Kanada wanaonekana wamekibandika mkononi katika picha wanazotutumia. Watu wanauliza: je, hiyo siyo chapa ya mnyama? La pili ni zito zaidi, na tutakaa nalo zaidi: je, mtu aliyeombewa, kisha akaendelea kujichoma insulini kila siku, amekosa imani?

Tuanze na hicho kifaa. Ni cha wagonjwa wa sukari. Ukubwa wake ni kama kifuniko cha chupa ya soda, na chini yake kuna uzi mwembamba na laini unaoingia kidogo tu ndani ya ngozi. Uzi huo unapima sukari iliyo katika maji ya mwili chini ya ngozi, kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, kisha namba inaonekana kwenye simu au kwenye kisomeo chake. Namba hiyo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu yenyewe, ndiyo maana hata mwenye kifaa wakati mwingine hujichoma kidole ili kuhakikisha. Kifaa hakiingizi kitu mwilini, kinasoma tu. Baada ya siku 10 hadi 15, kulingana na aina yake, kazi yake imekwisha, kinabanduliwa na kutupwa.

Kuhusu chapa, hatutaandika mengi. Ile tunayosoma habari zake katika Ufunuo inakwenda pamoja na kuabudu: mtu anamkana Bwana wake na kumsujudia mwingine. Hakuna mtu aliyeulizwa anamwabudu nani kabla ya kupimwa sukari. Tena ni chapa gani hiyo inayobanduka yenyewe mtu akijisugua vibaya bafuni? Tuwaache ndugu zetu wavae vifaa vyao kwa amani.

Sasa swali la pili. Kwanza tujue ugonjwa wenyewe, kwa sababu wengi wetu tunausikia kwa jina tu. Kuna aina ya sukari inayowapata zaidi watu wazima, ambao mwili wao bado unatengeneza insulini lakini haifanyi kazi vizuri au haitoshi. Hao mara nyingi hupewa vidonge na kuelekezwa kuhusu chakula, na baadhi yao baadaye huhitaji sindano. Kuna aina nyingine ambayo mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Humo kinga ya mwili yenyewe huharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, mpaka inakwisha kabisa. Mtoto anakunywa maji bila kukoma, anakojoa usiku kucha, anakonda huku anakula. Kule kwetu Kivu mtoto wa namna hiyo watu walisema amelishwa karuho, wakaanza kumtafuta jirani wa kulaumiwa. Siyo karuho, wala siyo laana ya ukoo, wala hakuletewa na pipi. Insulini ndiyo inayowezesha sukari ya chakula kutoka katika damu, kuingia katika seli za mwili na kuwa nguvu. Isipokuwepo, mtu anakufa njaa huku damu yake imejaa chakula.

Zamani hakukuwa na la kufanya. Watoto hao walipewa chakula kidogo sana ili wapate miezi michache zaidi, na wazazi waliwatazama wakiisha. Tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, mwenye kilo 30 hivi, alichomwa dawa iliyotolewa katika kongosho la ng'ombe. Haikuwa safi, na haikumsaidia sana. Mwenzao Collip akaisafisha, na tarehe 23 mwezi huohuo akachomwa tena. Sukari ikashuka, mtoto akaanza kupata nguvu. Mwaka uliofuata Banting, Best na Collip waliuza haki ya uvumbuzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Leonard aliishi hadi mwaka 1935. Miaka yote hiyo 13 aliendelea kuchomwa sindano, na wala hatusikii mtu akisema kwamba kwa hiyo hakusaidiwa.

Hapo ndipo penye fundo. Sisi tunaopenda mikutano ya maombezi tumezoea kufikiri kwamba msaada wa kweli ni ule unaokuja mara moja ukamaliza. Mtu anatupa magongo, watu wanapiga vigelegele, ushuhuda unatolewa. Msaada unaorudiwa kesho na keshokutwa tunauona mdogo, kama vile Mungu aliishiwa nguvu katikati ya safari. Lakini mawazo haya yametoka wapi? Waisraeli jangwani walipewa mana ya siku moja moja, na waliotaka kuiweka akiba waliikuta imeoza. Katika sala aliyotufundisha Bwana tunaomba chakula cha leo, na hakuna hata mmoja wetu anayeamka kesho yake na kusema, niliomba jana, kula leo ni kutoamini. Hezekia aliahidiwa kupona, na bado walimwekea mkate wa tini juu ya jipu. Timotheo aliugua tumbo mara kwa mara, na Paulo, ambaye mikono yake iliponya wengine, alimwelekeza cha kunywa.

Tena tufikiri zaidi. Sisi ambao kongosho zetu ni nzima, tunaishi kwa nini? Kwa insulini hiyohiyo. Inatoka ndani yetu kidogo kidogo kila saa, tukilala, tukiimba, tukigombana kwenye foleni ya maji. Hatukuitengeneza kwa akili zetu, na ikisimama leo, juma lijalo hatupo. Kwa hiyo tusiseme kwamba mgonjwa anategemea dawa na sisi tunajitegemea. Wote tunategemea. Tofauti ni kwamba yeye anaona kila siku kile anachotegemea, anakishika mkononi, anahesabu kipimo chake, na sisi hatukioni. Hatujui ni kwa sababu gani asiyeona ajihesabu kuwa na imani kubwa kuliko anayeona.

Na kuna jambo moja tunalisema kwa uzito wote. Mtumishi anapomwamuru mgonjwa aache sindano ili kuonyesha imani, nani analipa? Siyo mtumishi. Yeye atakunywa chai kesho asubuhi. Mwenye sukari ya utotoni akiacha insulini, kwa siku chache tu anaanza kutapika, anahema kwa nguvu na kwa kina, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, kisha anazimia. Shetani alimwambia Bwana wetu ajitupe chini kutoka juu ya hekalu, naye akakataa. Basi tusimsukume mtoto wa mwenzetu kutoka mahali ambapo Bwana mwenyewe alikataa kuruka. Anayeamini kwamba ameponywa aende zahanati akapimwe, siku nyingi, na mganga mwenyewe ndiye apunguze dawa akiona inafaa. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo.

Hili linahusu kufunga pia. Mwenye kutumia insulini asifunge chakula kwa aibu ya kuonekana mlegevu. Afunge maneno, afunge redio, afunge kisasi. Na hata akiwa mgonjwa wa malaria na chakula hakipiti, insulini yake asiiache kabisa. Aende zahanati waipange upya.

Juu ya mikesha tunaomba mashemasi wasome aya hii mara mbili. Sukari inaweza pia kushuka mno, hasa mtu akichoma dawa halafu chakula kikachelewa, au akifanya kazi nzito. Anatoka jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka, pengine anakuwa mkali. Katika makanisa yetu kijana wa namna hiyo hukimbiliwa na watu kumi, wanamshika kichwa na kukemea pepo, huku sukari inazidi kushuka. Kama ni mtu anayejulikana kutumia insulini, mpeni kwanza sukari: vijiko 3 vya chai ndani ya maji, au soda isiyo ya wagonjwa wa sukari. Ngojeni dakika 15. Bado anatetemeka, mpeni tena. Ikiwa amezimia msimmiminie kitu kinywani, atasongwa. Mlazeni ubavu na mkimbizeni zahanati. Maombi hayazuiwi na kijiko. Na mjue kwamba vipimo vina lugha mbili. Vingine huandika sukari iliyoshuka kuwa chini ya 70, vingine chini ya 3.9, na ni kitu kilekile. Ukizidisha ile namba ndogo mara 18 unapata ile kubwa.

Baada ya kusema hayo kwa ajili ya dawa, tuseme neno pia kwa wale wenye kile kifaa. Dada mmoja aliyeko ng'ambo alitueleza kwamba namba za mtoto wake zinafika kwenye simu yake mwenyewe akiwa kazini, na kila inapopanda anampigia kumwuliza amekula nini. Mtoto ameanza kuficha simu. Hapo kipimo kimeacha kuwa taa na kimekuwa hakimu. Sukari hupanda kwa chakula, ni kweli, lakini hupanda pia kwa homa, kwa hofu, kwa habari mbaya kutoka nyumbani. Siyo kila namba mbaya ni dhambi iliyofichwa. Sisi tunaoitwa kwa namba ya kadi kwenye dirisha la ugawaji tunajua mtu anavyojisikia anapotazamwa kwa namba peke yake. Tusimfanyie hivyo mtoto aliyeamka salama.

Wengine watasema: huko wana vifaa, sisi hapa hata vijiti vya kupimia vinakwisha kabla ya mwezi kwisha, basi mazungumzo haya ni ya nini? Malalamiko hayo ni ya haki. Insulini iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977, na bado kuna watoto wanaoikosa. Lakini tusikatae kuona kinachowezekana. Kwa miaka mingi wagonjwa katika makambi walitakiwa kwenda hospitali kila siku kuchomwa, kwa kuwa nyumbani hakuna friji. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofuata joto la kambi ya Dagahaley, Kenya, kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini waliyoijaribu katika joto hilo ilidumu wiki 4 bila kupoteza nguvu yake. Yaani mkimbizi asiye na friji anaweza kukaa na dawa yake nyumbani, akiiweka kivulini, kwenye chungu cha udongo kinacholoweshwa maji, wala isiachwe juani wala chini ya bati. Muulizeni muuguzi wenu juu ya aina mnayopewa.

Na mgonjwa asionewe wivu kwa sababu anapewa dawa. Wengi wetu tunangoja siku moja kubwa, jina kutokea kwenye orodha, ndege, nchi mpya, na kwa kuingoja hatuezeki hata paa. Mtoto wa sindano hana nafasi ya kuishi hivyo. Anajua leo ni leo.

Familia moja hapa makaziini ililetewa vifaa viwili na shangazi aliyeko Marekani, pamoja na kisomeo. Baba alisita. Alisema siku 28 zitapita, na mtoto atabaki na hamu ya kitu asichoweza kununua. Mama akasema avae kimoja. Katika siku 14 hizo walijifunza jambo ambalo kidole hakikuwaonyesha: siku zile kijana anapobeba maji jioni, sukari yake inashuka kati ya saa nane na saa kumi za usiku, wote wakiwa wamelala. Walipeleka habari hiyo kwa muuguzi, naye akapunguza kipimo cha jioni, na siku za maji kijana anakula kipande cha kiazi kitamu kabla ya kulala. Kifaa kilipobanduka, ile habari ilibaki nao. Cha pili hakukivaa. Jumatatu asubuhi mama alikichukua pamoja na kisomeo, akavuka mto kwenda kwa binti mwingine anayetumia insulini, ambaye wazazi wake ni wa kabila ambalo wengi wetu tulilikimbia, akaomba tu kisomeo kirudishwe baada ya siku 14.