Saa ya Mwalimu ni ya Nani?

Kijana mmoja aliyeanza kusomesha chuo katika mtaa wetu hapa Mjini alinijia baada ya sala ya alasiri akaniuliza jambo ambalo nimeona lafaa kuandikwa, kwani wanaolihitaji ni wengi kuliko wanaoliuliza.

Alisema: "Sheikh, nina watoto 30, nao hunijia tangu saa 8 mchana hata saa 9 u nusu. Wazee wao nimewaahidi kuwa watamaliza juzuu Amma kabla ya Ramadhani. Nikimngoja aliye mzito, wenziwe hukaa bure. Nikimwacha, ahadi hutimia naye hajui kitu. Je, saa ile ni yangu niigawe nipendavyo?"

Hesabu yake ni nyepesi: dakika 90 kwa watoto 30 ni dakika 3 kila mmoja, na ndani ya hizo yumo anayetafuta msahafu wake na anayeomba ruhusa kwenda msalani. Na wengi wao wametoka skuli asubuhi ile ile, wamekula upesi, macho yanawaelemea.

Nikamjibu kuwa saa si yake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaj, katika mlango wa ijara, kuwa kusomesha Qur-ani hukadiriwa kwa moja katika mambo mawili: ama muda, ama sura zilizotajwa. Na hapo hapo amesema kuwa mtu akimwajiri fundi kushona nguo maalumu, kisha akamfunga pamoja na hayo kwa muda wa mchana mmoja, ijara hiyo haisihi katika kauli iliyo sahihi zaidi. Wanazuoni wameeleza sababu: kazi yaweza kwisha kabla ya muda, na muda waweza kwisha kabla ya kazi. Na huyu kijana wetu ndilo alilolifanya. Ameuza miezi, akauza na sura 37, vyote kwa ahadi moja. Fundi akibanwa hivyo huharibu mshono. Mwalimu akibanwa humsomea mtoto naye akaitikia, mpaka sura ikamkaa masikioni, na harufi hazijui.

Haya siyasemi kwa kusikia. Nilipokuwa kijana nilisomesha katika chuo kimoja cha shamba, nikijifakhiri kwa saa yangu ya mkononi. Palikuwa na mtoto akichelewa kila siku, kwa kuwa alikuwa akimpelekea baba yake chakula kazini. Zamu yake ikishapita nilimwambia akae asikilize wenziwe. Siku ya kusoma mbele ya wazee aliisoma sura ya An-Naba yote bila ya kosa, na watu wakafurahi. Jioni yake nikamfungulia msahafu mahali pengine, nikamwonyesha neno moja kwa kidole. Akanyamaza. Taksiri ile ilikuwa yangu, wala sikuwa na wa kumtupia.

Basi je, mwalimu asiwe na mpango? La. Mafakihi wetu wametenga wakti wa wasaa, kama wa adhuhuri, ambao huenea sala na zaidi, na wakti wa dhiki, kama mchana wa Ramadhani, ambao haubakishi nafasi nje ya saumu. Mwalimu mpya mara nyingi huvigeuza hivi viwili. Kufika kwake darasani ni wakti wa dhiki: akikawia robo saa kwa mazungumzo ya barazani, kwa hesabu yetu ile amekula haki ya watoto 5. Lakini mpango wa somo lenyewe una wasaa. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika sala naye ataka kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kumhurumia mama yake. Tazama alichofupisha: kisomo, wala hakupunguza rukuu wala sijida. Nguzo ya somo letu ni mtoto kuijua harufi na irabu yake kwa jicho lake mwenyewe. Wingi wa sura ni kama urefu wa kisomo.

Na Muadh, aliposalisha isha kwa sura ndefu, akajitenga mtu aliyechoka kwa kazi ya mchana, aliyekemewa na Mtume ni Muadh, si yule aliyechoka.

Wabaki walio wepesi, na haki yao ni ya kweli. Wazee wetu walikuwa wakimpa mwepesi awasikilize walio nyuma, na jambo hilo lafaa, kwani anayesomesha huthibitisha alichosoma. Lakini liwe kwa siku kadha wa kadha. Mtoto hakuletwa chuoni awe msaidizi wa mwalimu mwaka mzima. Hapa mizani haisimami sawa kila siku, na mwalimu atakayedhani kuwa imesimama ajichunguze.

Nikamwambia kijana aende kwa wazee, awaombe wachague moja: miezi au sura. Akasema, "Watawahamisha watoto wao." Nikamwambia yaweza kuwa. Alirudi baada ya siku chache akanipa khabari kuwa wengi wamechagua miezi, na wanne wamewaondoa watoto wao, mmoja wao akiwa ndiye aliyekuwa akilipa vizuri kuliko wote.