Mama Alitaka Kutia Udhu

Mama alipotoka hospitali, kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono wa kulia uliolala pajani kama si wake. Sisi wanawe tukagawana zamu. Huyu anamlisha, huyu anamwogesha, mjukuu anamfunga kanga. Hatukumwachia hata kijiko. Tuliamini huko ndiko kumtunza.

Wiki ya tatu akaja kijana wa fiziotherapia. Alipiga hodi, akavua viatu, akaamkia, akakaa mkekani. Kabla hajagusa chochote akauliza: "Mama, kitu gani unatamani sana kukifanya mwenyewe?" Tukamjibia sisi: kutembea. Mama akatikisa kichwa. Kwa ulimi ambao bado ulikuwa mzito akasema, "Udhu."

Wiki tatu nimelala chumba kimoja naye, na sikuwa nimemuuliza.

Mazoezi yakaanzia hapo. Akapewa donge la unga alifinye, kisha kitambaa chenye maji akikamue, kisha kopo, kwanza tupu, baadaye na maji kidogo. Kuinuka kitini mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Kijana alitueleza kwamba ubongo ulioumia unaweza kujifunza upya, lakini kwa kurudia na kurudia, na mtu harudii kwa moyo jambo asilolitaka. Akatukataza pia kumwinua mama kwa kuuvuta mkono uliopooza, maana misuli ya bega ikilegea kiungo huachia, na maumivu yake hukaa muda mrefu. Ndivyo tulivyokuwa tukimwinua kila siku. Niliinamisha kichwa.

Kilichonigusa zaidi ni mama mwenyewe. Wodini alikuwa mtu wa kuambiwa: inua, geuka, lala. Barazani kwake ni mwenye nyumba. Kijana akitaka kumshika mguu anaomba ruhusa, na dada yangu anakaa karibu. Chai haijanywewa, mazoezi hayaanzi. Akichoka anasema, "Basi mwanangu, leo imetosha," na inatosha kweli.

Sisemi nyumbani kote ni raha. Majirani walikuja kumjulia hali wakamkuta mguu uko juu ya mto, akaona haya, akataka mlango ufungwe. Zipo siku aligeukia ukutani, hataki unga wala kopo. Na malipo yalitoka mfukoni mwetu, pamoja na nauli ya bodaboda. Kila nilipohesabu zile noti niliwawaza wazee ambao watoto wao hawana cha kuhesabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2017 kwamba huduma za utengamao, kama hii ya fiziotherapia, zifike hadi kwenye afya ya msingi, karibu na watu wanakoishi. Natamani wito huo ufike kila mtaa, kwa sababu nimeona kazi ambayo donge la unga na mtu anayejua kuuliza vinaweza kufanya.

Fundi ametupigia ubao wa kushikia ukutani, karibu na ndoo ya uani. Juzi alasiri mama alishika kopo kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiuegemeza kwa chini. Nusu ya maji yakamwagikia miguuni. Nikanyanyuka.

"Kaa," akasema, akalichovya kopo tena.