Msafiri Apelekaye Msaada

Ndugu msomaji, mtu mmoja anayeichunguza dini yetu ameniletea swali ambalo naona litawafaa wengi. Mwanawe anasoma Uingereza, na wenzake wa chuo wamemwalika wakati wa likizo aende nao Ghana kwa majuma matatu, kusaidia jamaa maskini na wenye biashara ndogo ndogo. Baba ndiye atakayelipa nauli. Naye auliza: je, hii ni sadaka kweli, au ni matembezi yaliyovishwa kanzu ya sadaka? Maana nauli ya ndege, asema, ingetosha kuijaza bidhaa duka la mtu.

Swali ni la haki, wala halijibiwi kwa hesabu ya nauli peke yake. Kama fedha zingekuwa ndizo kipimo, basi hata aendaye kumtazama mgonjwa angeambiwa apeleke shilingi na abaki nyumbani.

Imo katika Hadithi, katika kitabu cha Abu Daud, habari ya Mwansari mmoja aliyemjia Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) akiomba. Mtume hakumpa kitu. Alimwuliza kwanza kama hana chochote nyumbani mwake. Akajibu kwamba analo guo moja, nusu hulivaa na nusu hulitandika, na bakuli la kunywea maji. Vikaletwa, na Mtume mwenyewe akavinadi mbele ya masahaba hata vikapata dirham mbili. Moja akamwamuru anunulie chakula cha watu wake, na ya pili shoka. Shoka lilipoletwa alilitia mpini kwa mkono wake mtukufu, kisha akamwambia aende akakate kuni na asionekane kwa siku 15. Aliporudi alikuwa amechuma dirham 10.

Angalia mambo yalivyopangwa. Swali lilitangulia msaada, na mtaji ukatoka katika nyumba ya maskini mwenyewe. Tena msaidizi akajitenga, ili yule mtu ajione ni mkata kuni, asijione ni mwombaji. Hizo siku 15 mimi huzistaajabia kuliko hata mpini.

Wala sisemi haya kama mtu asiye na kosa. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha dini huko huko Ghana, mimi na wenzangu tulipeleka katika kijiji kimoja marobota mawili ya nguo za mitumba, tukazigawa bure siku chache kabla ya Idi. Watu walishangilia, nasi tukapigwa picha. Jioni nilipita penye kibanda cha fundi cherehani, nikamkuta ameketi kimya. Alikuwa amekopa vitambaa mjini kwa kuitazamia Idi ile. Hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza tu kama mwaka ujao tutakuja tena, ili ajue asikope. Kurani Tukufu katika Sura Al-Baqarah yatuonya tusibatilishe sadaka zetu kwa masimango na udhia. Masimango hatukuyafanya, lakini udhia tuliufanya, tena huku tukicheka.

Wako wanafunzi waliofanya vizuri kuliko sisi, nao hawakupanda ndege. Mwaka 1976 Profesa Muhammad Yunus wa Chuo Kikuu cha Chittagong, Bangladesh, aliingia pamoja na wanafunzi wake katika kijiji cha Jobra, kilicho jirani na chuo, wakauliza nani anadaiwa na nani. Walipata watu 42, na deni la wote pamoja lilikuwa taka 856, yapata dola 27 tu. Mama mmoja alisuka viti vya mianzi vizuri sana, lakini kwa kuwa fedha ya mianzi aliikopa kwa mchuuzi, alilazimika kumwuzia huyo huyo kwa bei aitakayo yeye. Hakukosa ufundi, alikosa thamani ya mianzi. (Benki iliyozaliwa baadaye hutoza riba, na hilo Uislamu haulikubali, nausifu ule uulizaji.)

Wala muda mfupi si aibu. Hadhrat Mirza Nasir Ahmad, Khalifatul Masih III (r.h.), alipoanzisha Waqf-i-Arzi mwaka 1966, aliwataka Waahmadiyya wajitolee kwa majuma mawili hadi sita tu. Lakini aliweka sharti: mtu aende kwa gharama yake, na chakula chake ajitegemee, asiwe mzigo kwa wenyeji.

Basi ndugu yangu, mlipie mwanao nauli. Lakini mwambie ale kwa fedha yake, na anunue chakula hicho kwa wachuuzi wa kijijini. Siku za kwanza asigawe kitu. Apite penye vibanda, kwa fundi cherehani na kwa muuza samaki, awaulize wana nini na wanadaiwa nini. Na kama baada ya kuuliza ataona kwamba hawamhitaji kwa lolote, awasalimu kwa heshima, ajifunze kwao alichoweza, arudi chuoni kwake.