Haki ya Mpaka

Mtu apandaye mahindi karibu na shamba la jirani hapigi jembe kabla wote wawili hawajasimama mahali pamoja na kupatana: hapa pako, hapa pangu. Jiwe lililosimikwa usiku na mmoja peke yake halina haki, hata likiwa limenyooka.

Je, serikali ipanuapo hifadhi ya wanyama, inafungwa na sheria hiyo ya majirani?

Mfano uko karibu. Mwaka 1939 serikali ya Wabelgiji ilianzisha Hifadhi ya Upemba, kaskazini-mashariki ya Kolwezi, yenye kilomita za mraba 17,730. Mpaka huo uliingia katika nchi ya watu waliokuwa wakivua, wakilima na kuwinda tangu zamani za wazee wao. Mwaka 1975 ukapunguzwa.

Wako wasemao: nchi ni ya waliozaliwa humo, mpaka wa nini? Wengine husema: pori ni la wote, hata la watoto wasiozaliwa bado; basi wenyeji waondoke. Kila upande umeshika nusu ya kweli. Pundamilia wa mwisho wa Kongo wako Upemba. Wakiisha, hakuna chifu wala waziri awezaye kuwarudisha. Lakini mama anyimwaye shamba lake la muhogo hawezi kuwashibisha watoto kwa habari za pundamilia.

Swali hili litarudi. Mwaka 2022, mjini Montreal, mataifa yalipatana kulinda sehemu 30 katika kila 100 za nchi kavu na za bahari ifikapo mwaka 2030. Kwa hiyo mipaka mipya itatafutwa.

Mpaka wa haki hujulikana kwa mambo matatu. Kwanza, wenyeji huulizwa kabla ya ramani kuchorwa, nao huweza kukataa. Pili, hutembelewa kwa miguu pamoja na wazee wajuao makaburi, visima na mashamba yaliyopumzishwa, ambayo mgeni huyadhani kuwa pori tupu. Tatu, humfunga kila mtu. Mkulima akikatazwa jembe, na mchimba shaba mwenye mashine akafunguliwa njia, huo ni unyang'anyi.

Naye mwanakijiji aliyekubali amefungwa vilevile. Ategaye mitego humo usiku, akisema nyama haina mwenyewe, amemwibia jirani aliyeshika ahadi yake.