Deni la Lugha ya Mwenyeji

Katika sehemu nyingi za Tanzania mgeni afikaye kukaa hujifunza, apende asipende, maneno machache ya lugha ya wenyeji wake. Aendaye Bukoba huokota maamkizi ya Kihaya, na afanyaye biashara Moshi hutambua upesi kwamba yako mazungumzo ya Kichaga yanayompita pembeni, naye hutega sikio. Ilala mambo ni kinyume. Mtu aweza kukaa Kariakoo miaka arobaini, akauza nguo Mtaa wa Kongo, akajenga, akaoza mabinti, akazikwa na majirani zake, pasipo kujua neno moja la Kizaramo, ilhali Wazaramo ndio waliokuwa wakilima na kuzika wafu wao katika ardhi hiyo kabla mji haujafika. Hapana amlaumuye. Wenyeji wenyewe hawamlaumu, na wengi wao, hasa vijana, hawana la kumlaumu, kwa kuwa nao hawakijui.

Jambo hili limezoeleka hata halionekani kuwa jambo. Lakini ndani yake mna swali la haki. Watu wanapoiacha lugha yao kidogo kidogo ili waweze kuishi kwa amani na wageni waliojaa kwao, je, kuna anayedaiwa kitu? Na kama yupo, ni nani: mzazi asiyemfundisha mtoto, au mgeni aliyenufaika?

Historia ya mji yafaa kukumbukwa kwanza, kwa maana hukumu isiyojua ilikotoka hupotea njia. Palipokuwa na kijiji cha Mzizima, Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga mji katika miaka ya 1860. Wajerumani walihamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuja, Waingereza waliingia mjini mwaka 1916, na mahali walipowekwa wapagazi wa jeshi lao, waitwao kwa Kiingereza Carrier Corps, pakabaki na jina ambalo ulimi wa Kiswahili ulilikata na kulinyoosha hata likawa Kariakoo. Wamanyema, Wanyamwezi, Wazulu, Wanubi, Wangazija na wengine walikaa bega kwa bega. Kila mmoja alikuja na lugha yake, na wote walihitaji moja ya kuuziana samaki na kuombea chumba.

Hapa sharti haki itendwe kwa pande zote mbili. Si kweli kwamba Kiswahili kilikuja Mzizima mkononi mwa wageni hao kama mzigo mwingine. Washomvi wa pwani walikuwapo zamani, na Mzaramo aliyeteremka kutoka vilima vya Pugu kuuza nafaka na sandarusi alikuwa na haja ya maneno yao. Lugha hizo mbili zilikuwa jirani kabla ya kuwako barabara. Kwa hiyo mgeni azungumzwaye hapa ni mtu, wala si lugha. Kiswahili kilikuwa kisima cha mtaa mzima. Kilichobadilika ni kwamba watu wapya elfu kwa elfu walikuja kuchota, na mwenyeji akakiacha kisima cha nyumbani kwake ili akutane nao pale.

Wala hapakuwa na sheria iliyomlazimisha. Aliyeondoa Kizaramo barazani, kwa sehemu kubwa, alikuwa adabu. Watu wa pwani huona ni utovu wa heshima wawili kusema lugha yao mbele ya wa tatu asiyeijua, kwa kuwa huyo wa tatu atadhani anasengenywa. Katika kijiji adabu hii haina hasara, maana mgeni huja mara moja kwa mwezi. Katika nyumba ya Kariakoo yenye vyumba sita na makabila sita, uani kwenye jiko moja na bomba moja, yule wa tatu hakosekani kamwe. Mwanamke wa Kizaramo aliyekuwa mwungwana alisema Kiswahili asubuhi, mchana na jioni, na watoto wake walijifunza kile walichokisikia. Mithali yasema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja na mwenyeji akapona kwa mambo mengi, kwa shule, hospitali na soko. Lakini katika jambo la lugha alipona mgeni.

Baadaye taifa liliongeza uzito wake. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ulioitwa New Street, ambao sasa ni Lumumba, hapo hapo Ilala. Chama hicho kingewezaje kuzungumza na nchi yenye lugha zaidi ya 120 kama si kwa Kiswahili? Shule za msingi, redio, mahakama za mwanzo na mikutano ya kijiji vyote vilifuata njia hiyo. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Heshima hiyo ni ya haki, na mtu angekuwa mchoyo kuikataa. Nchi nyingi zilizopata uhuru katika miaka ile ile zimemwaga damu kwa magomvi ya makabila ambayo Tanzania imeyaepuka, na lugha moja ina sehemu yake katika amani hiyo. Hata hesabu za watu, tangu ile ya mwaka 1967, zimeacha kuuliza kabila la mtu, na sababu yake ni njema. Tokeo lake moja ni kwamba hapana ajuaye kwa hakika ni Wazaramo wangapi wangali wakisema Kizaramo, na kitu kisichohesabiwa hufa kimya.

Wako wasemao kwamba hakijafa chochote cha maana, kwa kuwa mila zipo. Hoja hii yastahili kujibiwa kwa makini kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ngoma ya mdundiko ingali ikipita mitaani mwa Buguruni na Vingunguti siku za arusi na za kumtoa mwali, na watoto wangali wakiifuata hata wanapotelea mitaa ya mbali. Kutoka katika ngoma za Wazaramo ulizaliwa mchiriku, na mchiriku ni mmoja wa wazazi wa singeli, ambayo sasa huchezwa na vijana waliotoka kila pembe ya nchi na kusikika mpaka Ulaya. Mzaramo aliyezikwa miaka mia iliyopita akifufuliwa Ilala leo hatafahamu magari, lakini yamkini mguu wake utaitambua ngoma.

Basi pigo la ngoma limevuka salama bila lugha. Lakini si kila kitu ni pigo la ngoma. Mfano ulio bora ni unyago wa wasichana. Wazaramo ni watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, na kuvunja ungo kwa binti lilikuwa jambo la ukoo mzima. Mwali aliwekwa ndani, akafundwa, akapelekwa chini ya mti wa mkole, naye alikuwa na kinyago kidogo cha mti chenye umbo la mwanamke, ambacho alikioga, alikipaka mafuta na kukitunza kama mtoto. Marja-Liisa Swantz, aliyekaa miongoni mwa Wazaramo na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1970 juu ya ibada na ishara zao, ameonyesha jinsi kila rangi na kila mti katika mambo hayo ulivyokuwa na maana iliyofungamana na nyingine. Kinyago hicho huitwa mwana nya nhiti. Mtu wa mjini husema mwanahiti. Ile sauti ya nh, itokayo puani pamoja na pumzi, haimo katika Kiswahili cha Dar es Salaam, kwa hiyo imeanguka. Ni kitu kidogo, lakini chaonyesha njia nzima: kwanza huanguka sauti, kisha neno, kisha maana ambayo neno lilikuwa likiishika.

Mafunzo ya mwali hutolewa kwa nyimbo, na nyimbo hizo ni mafumbo. Fumbo husimama juu ya neno lenye maana mbili: moja ya wazi, ambayo mtoto apitaye nje aweza kuisikia bila madhara, na moja ya ndani, ambayo kungwi humfunulia mwali. Fumbo la namna hiyo haliwezi kufasiriwa, kwa sababu maneno mawili yanayokutana katika Kizaramo hayakutani katika Kiswahili. Kungwi wa leo hueleza kwa Kiswahili, na akifika kwenye wimbo huimba kwa Kizaramo kama alivyopokea kwa bibi yake. Binti huitikia vizuri. Ameupata wimbo, fumbo limebaki nje ya mlango. Je, mila imehifadhiwa? Imehifadhiwa kama nyumba ya Kizaramo ilivyohifadhiwa katika Kijiji cha Makumbusho, au kama mwana nya nhiti walivyohifadhiwa katika makabati ya vioo huko Ulaya na Marekani: umbo limo, tena limetunzwa kuliko lilivyotunzwa nyumbani, lakini hapana wa kuzungumza nalo.

Isidhaniwe kwamba kila kilichokuwamo katika mafunzo hayo ni johari. Zamani mwali aliweza kuwekwa ndani miezi mingi, hata miaka, na shule ilipokuja, muda huo ulikuwa ni masomo yaliyoibwa. Mama wa Ilala aliyezipunguza siku hizo hata zikalingana na likizo alimtendea bintiye haki kuliko aliyeshika mila kwa ukali. Lakini yeye aliweza kuamua vema lipi la kuacha na lipi la kushika kwa sababu alifahamu yote. Binti asiyeelewa maneno hana nafasi hiyo. Hawezi kuikosoa mila, wala kuitetea. Aweza kuirudia tu au kuitupa. Hapa ndipo hasara ya lugha inapokuwa hasara ya uhuru, na jambo hili husahauliwa na wale wanaodhani kwamba kutunza lugha ni kuwarudisha watu nyuma.

Sasa, nani adaiwa? Wengi huwahi kumtaja mama, kwamba ndiye aliyenyamaza. Shutuma hiyo si ya haki. Mama huyo alikuwa na mtoto wa kulisha na kusomesha katika mji ambao kila mlango ulifunguliwa kwa Kiswahili, na mlango wa juu kwa Kiingereza. Kumtaka abebe peke yake gharama ya kutunza hazina ya watu wote, jioni, baada ya kuuza vitumbua, ni ukatili uliovikwa joho la utaalamu. Chama cha Wazaramo Union, kilichoanzishwa mjini mwishoni mwa miaka ya 1930, kilikuwa na kazi ya kutosha kusaidiana katika shida na misiba.

Aliyechota ndiye wa kuulizwa. Tuseme mtu huteka maji kila siku katika kisima cha jirani yake, na jirani hakumtoza kitu, wala hakumwambia kwamba kwa ajili ya kumpisha yeye ameacha kulima bustani yake. Siku bustani ikikauka, mtu huyo aweza kusema kweli kwamba hakuweka ahadi yoyote. Ahadi hakuweka, lakini ameishi kwa ukarimu ambao ulimgharimu mwingine, naye sasa anajua. Kujua huko ndiko kunakozaa wajibu. Na hapana waliochota zaidi ya wenye kalamu za Kiswahili, walimu, wachapaji na wataalamu wa vyuo, ambao riziki yao na sifa yao vimejengwa juu ya lugha iliyopanuka kwa kuwa wengine walinyamazisha za kwao. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe imezitaja lugha za makabila kuwa hazina ya taifa na kuhimiza zitafitiwe na kuandikwa. Hata hivyo Mjerumani Worms alikwisha kuchapa muhtasari wa sarufi ya Kizaramo mwaka 1897, kwa Kijerumani. Ni aibu kidogo kwamba mwanafunzi wa Dar es Salaam atakaye kujua lugha ya uwanja alipokaa huenda akahitaji kwanza kujifunza Kijerumani.

Namna ya kulipa nayo ina hatari zake. Mara watu wakubalipo kuandika lugha, hutaka kwanza waisanifishe, wachague iliyo safi. Kizaramo cha Kisarawe si sawasawa na cha Maneromango, na pembeni mwake mna Kikwere, Kikutu na Kidoe vilivyokaribiana nacho sana. Katika jambo hili Waigbo wa Nigeria wamewatangulia wengine kwa uchungu. Kasisi Thomas John Dennis, kwa nia njema, alichanganya lahaja mbalimbali akapata Kiigbo cha Muungano, na Biblia nzima ikatoka kwa lugha hiyo mwaka 1913. Kilikuwa Kiigbo cha wote kilichokosa mama wa kukisema. Chinua Achebe alikilaumu kwa ukali katika hotuba aliyoitoa kwa Kiigbo mjini Owerri mwaka 1999, akaona kwamba lugha iliyotengenezwa mezani iliwafunga waandishi midomo badala ya kuwafungua. Wengine walimjibu, hasa wafuasi wa F. C. Ogbalu, ambaye mwaka 1949 alikuwa ameasisi chama cha kukuza lugha na utamaduni wa Kiigbo, kwamba bila Kiigbo sanifu hapana vitabu vya shule wala mitihani.

Pande zote mbili zina neno, na watu wa Kiswahili hawana haja ya kwenda Owerri kulisikia: Kiunguja kilipochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930, Wamombasa, wenye ushairi wa karne nyingi, walihisi kuwa wameambiwa lugha yao ni makosa. Lakini shauri la Wazaramo ni jepesi kuliko hayo. Hapana mtihani unaokingoja Kizaramo, wala gazeti. Kilicho haraka ni mafumbo yaandikwe kama yasemwavyo, pamoja na sauti zake za puani, na jina la mahali yaliposemwa. Usanifu waweza kungoja, wazee hawangoji.

Ilala, ambayo tangu mwaka 2021 yaitwa Jiji la Dar es Salaam, haiishii Kariakoo. Yafika Pugu, Chanika na Msongola, na huko, penye minazi na mikorosho ambayo viwanja vipya havijaimaliza, wangali wako makungwi waimbao na kujua wanachokiimba. Kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi kwao ni nauli ya daladala. Mwanafunzi atakayekwenda atakaribishwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo adabu yao, naye itambidi aombe, pengine zaidi ya mara moja, wamkosee adabu hiyo.