Chombo cha Watu Wawili

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Methali hii aliniambia mchumba wangu tulipokuwa tukizungumzia ndoa yetu. Alimaanisha kwamba nyumbani nahodha ni mmoja, naye ni yeye. Sikumjibu, maana niliogopa kuitwa mkaidi.

Wakati huo, nikiwa hapa Kampala, nilikuwa nikiwafundisha Kiswahili kwa simu mume na mke wastaafu wa Marekani. Walikuwa wakisafiri kwa boti yao katika njia ya maji iitwayo Atlantic Intracoastal Waterway. Kutoka Norfolk hadi Miami ni kama kilomita 1,750 za mito, mifereji na ghuba zilizokingwa na mawimbi ya bahari kuu. Maji yake huonekana mapana, lakini mahali pengi mkondo wenye kina ni mwembamba, na mchanga huhama. Anayekwenda kusini huacha alama nyekundu kuliani na za kijani kushotoni. Kwao, mmoja hushika usukani, mwingine hutazama ramani na alama.

Siku moja walikwama mchangani. Mume ndiye aliyeshika usukani. Mke aliona wanatoka nje ya alama, akasema. Mume akajibu, "Najua." Mke akanyamaza. Walikaa saa nne wakingoja maji yajae.

"Kosa ni langu," mume aliniambia.

"Na langu pia," mke akasema. "Nilinyamaza ili tusigombane."

Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba kunyamaza ni heshima. Lakini aliyeona mchanga akanyamaza amemheshimu nani, ilhali wote wawili wamo katika chombo kimoja?

Siikatai methali. Usukani mmoja hauwezi kushikwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Hata hivyo, methali inakataza manahodha wengi. Haikatazi macho mengi. Tena mikono iliyoshika usukani leo inaweza kupumzika kesho, mwingine akaupokea. Basi nadhani wajibu ni wa pande mbili: mwenye usukani asikie, na mwenye kuona aseme, hata kama kusema kutaharibu utulivu wa jioni moja.

Nilimsimulia mchumba wangu habari hiyo. Akacheka, kisha akaniuliza, "Na mimi nikisema najua?"

"Nitasema tena," nikamjibu.

Hakucheka tena. Siku ya kupeleka mahari bado hatujaipanga.