Waliokata Mbao Zetu Katika Baridi

Neno la kutafakari: Kumbukumbu la Torati 24:10–15



Mwezi wa Juni umefika, na kipupwe pamoja nao. Hapa Kivukoni upepo wa kusi wavuma, na wazee wanaokuja ibada ya asubuhi katika kanisa la Azania Front wamejitanda shuka, wakiambiana kwamba baridi ya mwaka huu si haba. Nasi hutabasamu kidogo, maana tumekwisha kuiona baridi yenyewe ilipo.

Yeyote apandaye gari hapa Dar es Salaam, akapita Morogoro na Iringa, hata akafika Mafinga, amekwenda karibu kilometa 600. Huko katika wilaya ya Mufindi ndiko liliko Shamba la Miti la Sao Hill, lililo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali katika nchi yetu. Upandaji mkubwa ulifanyika tangu miaka ya 1960, misindano na mikaratusi, vilima kwa vilima. Mbao nyingi ziingiazo mji huu zatoka katika nyanda zile za juu. Mkokoteni upitao Kariakoo umelemewa na mbao za kenchi, labda wazitoa huko. Na kitanda unacholalia, ndugu msomaji, labda nacho.

Basi katika Juni na Julai, usiku ukiwa mweupe pasipo wingu, baridi hushuka mabondeni huko Mufindi, na umande hugandamana juu ya majani. Hiyo huitwa sakitu. Asubuhi nchi yaonekana kana kwamba mtu amemwaga chumvi. Chai huungua kama iliyopitiwa na moto, na miche michanga hufa. Lakini kazi ya msituni haingoji jua. Mkataji ashika msumeno wa injini na vidole vyake vimekufa ganzi. Gogo limelowa, mguu wateleza, na mti ukiisha kuegemea upande hausikii tena neno la mtu. Wengine wafyeka barabara za moto, maana miezi hiyo ndiyo ya ukavu, nyasi zimekauka, na moto mmoja wa mzembe waweza kula kazi ya miaka ishirini. Haya ni ajabu kuyaona: watu watetemekao kwa baridi, nao wanajitayarisha kupigana na moto.

Torati yaijua hatari ya kazi hii. Katika sura ya 19 ya Kumbukumbu yatajwa shoka lililochomoka katika mpini mtu alipokuwa akikata mti, likamwua mwenziwe. Naye Yakobo, katika Mwanzo 31, amlalamikia Labani kwa mambo mawili pamoja: kwamba usiku baridi ilimla, na kwamba ujira wake ulibadilishwa mara kumi. Tuliyasoma maneno hayo miaka mingi pasipo kuona kwa nini yamewekwa mahali pamoja.

Sulemani alipolijenga hekalu alituma watu 30,000 Lebanoni, mlima wa theluji. Lakini tazameni hesabu yake katika 1 Wafalme 5: walikwenda 10,000 kwa zamu, mwezi mmoja mlimani na miezi miwili nyumbani. Tena Hiramu alipewa ngano na mafuta kwa ajili ya nyumba yake. Hatusemi kwamba Sulemani hakuwa na kosa. Watu walikuja kulilia kongwa lake baadaye. Hata hivyo aliyejenga nyumba ya Mungu alihesabu siku za baridi za wale waliomkatia miti. Sisi hatukuzihesabu.

Maana yatupasa kusema habari yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukilichunga kundi katika usharika mmoja, paa la kanisa lilioza kwa mchwa. Tukaagiza mbao kwa mpasuaji mmoja wa huko juu. Mbao zikaja, nzuri, zimenyoka. Fedha ilikuwapo. Lakini baraza la wazee lilikuwa na shughuli nyingi, nasi tulikuwa na mikutano, tukasema, Atangoja, ni mkristo. Yakapita majuma saba.

Katikati ya Julai tukaitwa kwenye semina ya wainjilisti huko Mufindi. Asubuhi ya pili tulitoka nje mapema, tukaiona sakitu kwa macho yetu. Njiani alikuja kijana, amejifunika gunia mabegani, mikono ameitia kwapani. Akatuamkia, “Shikamoo, Baba Mchungaji.” Tukaitikia, tukamwuliza, “Mwanangu, huna koti?”

Akasema, “Ninalo, Baba. Liko dukani. Nimeliweka rehani kwa unga, mpaka bosi wetu alipwe fedha ya mbao.”

“Mbao za nani?”

Akacheka kwa haya, akasema, “Za kanisa, Baba. Za Dar es Salaam.” Hakujua anasema na nani.

Ndugu zangu, Neno tulilolitaja juu lasema habari ya vazi la maskini lililowekwa rehani, kwamba lirudishwe jua lichwapo, apate kulala ndani yake. Na mara baada yake, kwamba ujira wa kibarua usilale. Tulikuwa tumelihubiri. Siku ile hatukuweza kula.

Usiku ule Bwana wetu alipokamatwa ulikuwa wa baridi. Yohana aandika hivyo katika sura ya 18. Watumishi waliwasha moto wa makaa, na Petro akasimama pamoja nao akiota. Hatusomi kwamba Bwana aliyefungwa aliletewa moto. Aliyekana ndiye aliyepata joto. Nasi tulikaa kwenye joto la pwani, chini ya paa jipya, tukimkana kwa kunyamaza. Lakini katika sura ya 21 kuna moto wa makaa tena, ufuoni, na samaki juu yake. Safari hii Bwana mwenyewe ameuandaa, naye amwita Petro aje ale. Kila tupitapo Feri alfajiri, wavuvi wakishusha samaki, na moshi wa makaa wa mama lishe ukipanda, twakumbuka kwamba mlango ule haujafungwa.

Fedha ilipelekwa siku iyo hiyo, deni lote. Tukaenda dukani pamoja na kijana yule kulikomboa koti. Mwenye duka alifungua kabati, akatafuta, akasema lilikwisha kuuzwa Jumamosi. Tulimvua mwinjilisti mwenzetu lake, kwa hiari yake, kwa kuwa letu lilikuwa jembamba la mjini.

Tangu hapo fedha ya mbao hulipwa kabla gari halijashushwa, na mweka hazina huandika tarehe.